Baraza la Watoto Bila Yatokanayo

Kila tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, katika viwanja vingi vya wilaya na mikoa ya Tanzania husimama mtoto mmoja mbele ya kipaza sauti na kusoma risala. Sare imepigwa pasi, karatasi ameishika kwa mikono miwili. Anamshukuru mgeni rasmi kwa kuacha majukumu yake mazito na kuja kujumuika nao. Anataja mafanikio. Kisha anaingia kwenye changamoto: matundu ya vyoo hayatoshi, wasichana wanakosa vipindi wakiwa kwenye hedhi, wapo wanaokatishwa masomo kwa mimba, wapo wanaochapwa kuliko kanuni inavyoruhusu. Makofi yanapigwa. Risala inakabidhiwa kwa heshima zote ikiwa ndani ya bahasha, mgeni rasmi anampa msaidizi wake, na mshereheshaji anakaribisha ngonjera.

Ninachotaka kujadili hapa ni safari ya bahasha hiyo baada ya turubai kukunjwa. Mtoto aliyesoma risala mara nyingi ni kiongozi wa baraza la watoto la wilaya au la mkoa, na baraza hilo ni miongoni mwa vyombo vichache mno vya umma vinavyomlea kijana wa miaka 13 hadi 17 katika uongozi nje ya geti la shule. Anachojifunza pale ndicho atakachokwenda nacho utu uzimani. Kwa jinsi mengi ya mabaraza haya yanavyoendeshwa, anajifunza kwamba kazi ya kiongozi ni kusema vizuri, na kwamba akishasema, kazi imekwisha. Hilo ni somo baya, na tunalifundisha kwa nia njema kabisa.

Tuanze na tarehe yenyewe. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Mipango na bajeti za halmashauri hupitishwa na madiwani mapema mwaka, kabla ya Bunge la Bajeti kuanza Dodoma mwezi Aprili. Katikati ya Juni Waziri wa Fedha anasoma bajeti kuu. Kwa hiyo siku mtoto anapoomba matundu ya vyoo, fedha za mwaka unaokuja zimeshapangiwa matumizi, na mwaka unaoisha umebakiza wiki mbili. Mgeni rasmi hata awe na nia njema kuliko watu wote uwanjani, ombi limemfikia wakati hana pa kuliweka. Anachoweza ni kuahidi. Mwakani baraza litakuwa na viongozi wengine, mgeni rasmi huenda akawa mwingine, na changamoto zitasomwa zile zile.

Inauma zaidi ukikumbuka siku hii ilitoka wapi. Wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, walioandamana tarehe 16 Juni 1976 kupinga kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana hawakuibuka barabarani asubuhi ile tu. Siku tatu kabla, tarehe 13, wawakilishi wa shule walikutana Orlando, mtaa wa Soweto, wakaunda kamati, wakapanga maandamano yataanzia wapi na kuishia wapi. Baada ya risasi na vifo, kamati hiyo ikakua na kuwa Baraza la Wawakilishi wa Wanafunzi wa Soweto, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Tsietsi Mashinini, kijana wa miaka 19. Walikuwa na wajumbe, walikuwa na vikao, walikuwa na dai moja ambalo kila mtu alilielewa. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoanza kuiadhimisha siku hiyo mwaka 1991, uliwaenzi watoto waliojipanga wenyewe. Katika maadhimisho yetu, sehemu hiyo ya kujipanga ndiyo iliyofifia.

Msingi wa kisheria tunao. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na ibara yake ya 12 inataka maoni ya mtoto yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto ukaridhiwa mwaka 2003. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Baraza la Watoto la Jamhuri ya Muungano lilitangulia sheria hiyo, maana liliundwa mwaka 2002, na muundo wake umechorwa kuanzia kijiji na mtaa, ukapanda kata, wilaya, mkoa hadi taifa. Kwenye karatasi, mtoto wa kitongoji cha mwisho kabisa ana njia ya kufikisha neno lake Dodoma.

Tatizo ni kwamba kuwa na haki ya kusikilizwa na kuwa na mtu anayelazimika kukujibu ni mambo mawili. Nani atajibu, ndani ya siku ngapi, kwa maandishi au kwa mdomo, na asipojibu baraza liende wapi? Hapo ndipo panapovuja. Mabaraza yanalelewa na maafisa ustawi wa jamii na maafisa maendeleo ya jamii, ambao sera wanayoisimamia inatoka wizara moja na ajira na mafungu yao yako TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Afisa mmoja anabeba kesi za malezi, migogoro ya ndoa, makao ya watoto, mikopo ya vikundi, na baraza la watoto likiwa mwisho kwenye orodha yake. Mabaraza mengi yamesimama kwa fedha za mashirika. Mradi ukifika mwisho nauli za wajumbe zinakatika, na baraza linalala hadi Mei ya mwaka unaofuata, watoto wanapohitajika tena kwa ajili ya risala.

Mwaka 1992 mtafiti Roger Hart aliandika kijitabu kwa ajili ya UNICEF akichora ngazi ya vipandio vinane vya ushiriki wa watoto. Vipandio vitatu vya chini alisema si ushiriki kabisa: watoto kutumiwa, watoto kuwa pambo, na watoto kuwekwa ili ionekane wamewekwa. Zaidi ya miaka 30 imepita na ngazi ile bado inatajwa kwenye semina zetu. Naiheshimu, ila nadhani inaacha jambo moja ambalo kwa mazingira yetu ndilo kubwa. Inapima nani aliyeanzisha na nani aliyeamua. Haipimi nini kilitokea baada ya kikao.

Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha kijiji, cha chama cha akiba na mikopo, cha kamati ya msikiti au ya kanisa anajua pale kikao kinapoanza kuwa na meno. Kufungua kikao ni dakika mbili. Kuthibitisha muhtasari ni kusoma na kunyoosha mikono. Halafu inakuja yatokanayo. Katibu anasoma: kikao kilichopita tuliazimia hivi, kazi alipewa fulani, taarifa tafadhali. Fulani anakohoa. Hapo ndipo kiongozi anapoonekana, aliyefanya na ambaye hakufanya, anayekubali kuulizwa na anayekasirika akiulizwa. Mtoto anayekulia kwenye vikao vyenye ajenda hii anazoea kuuliza na kuulizwa. Anayekulia kwenye risala anazoea kupigiwa makofi.

Nieleze kwa mfano wa vyoo, kwa sababu ndio unaojirudia kila mwaka. Mwongozo wa serikali unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Chukua sekondari ya kata yenye wasichana 240. Inahitaji matundu 12 kwa upande wao, nayo ina 5. Risala itasema vyoo havitoshi. Baraza la kata linalofanya kazi litakwenda kuhesabu, litaandika 12 toa 5, litajua kwamba katika yale 5 moja limeziba tangu mvua za masika, na litaandika barua ya ukurasa mmoja kwa mtendaji wa kata, nakala kwa mkuu wa shule na kwa diwani. Barua itagongwa mhuri wa kupokelewa na nakala itarudi kwenye faili la baraza. Hiyo iwe Septemba.

Kikao cha Novemba, yatokanayo. Mtendaji amejibu kwamba Kamati ya Maendeleo ya Kata imelijadili suala hilo, matundu 4 yataombewa fedha kwenye mpango wa mwaka ujao, na yanayobaki yatategemea nguvu za wananchi, yaani mchanga, mawe, maji na ufundi. Mjumbe wa kidato cha pili anajifunza mambo ambayo hakuna somo la uraia litakalomfundisha kwa uzito ule. Barua kupokelewa si ombi kukubaliwa. Kuombewa fedha si kupewa fedha. Na nguvu za wananchi maana yake ni mama yake mwenyewe kubeba ndoo, kwa hiyo baraza lina kazi ya kwenda kuzungumza na wazazi badala ya kusubiri.

Kikao cha Machi, madiwani wameshapitisha bajeti. Je, yale matundu 4 yamo? Kama yamekatwa, yamekatwa kwa sababu gani? Huenda wakaambiwa fedha zimekwenda kumalizia zahanati ya kijiji cha jirani, ambako akina mama wanajifungulia njiani. Hapo watoto watabishana, na ndicho ninachotaka. Mwingine atasema zahanati kwanza. Mwingine atasema kila mwaka kuna cha kwanza na si sisi. Kijana wa miaka 15 aliyewahi kubishana kwa dhati juu ya jambo lenye pande mbili za haki ameshaanza kuwa kiongozi, hata kama choo hakijajengwa.

Wapo watakaosema haya ni makubwa kwa umri wao. Nawaomba watazame mji wa San Francisco, Marekani. Mwaka 1995 wapiga kura wa mji ule waliingiza kwenye katiba ya jiji Kamisheni ya Vijana yenye wajumbe 17 wa miaka 12 hadi 23. Kila mmoja wa madiwani 11 anateua mjumbe mmoja, meya anateua mmoja pamoja na wengine 5 kutoka makundi yasiyo na uwakilishi. Kufikia hapo inafanana na mabaraza mengi duniani. Kinachoitofautisha ni kifungu kidogo: jambo lolote linalowagusa zaidi watoto na vijana, madiwani lazima walipeleke kwanza kwa kamisheni, na hawaruhusiwi kulipigia kura mpaka zipite siku 12. Ushauri wa vijana hauwafungi madiwani. Wanaweza kuukataa. Lakini hawawezi kujifanya hawakuupata.

Siku 12 tu, na zimebadilisha namna ya kufanya kazi pande zote mbili. Vijana wanalazimika kusoma nyaraka haraka na kuandika maoni yanayosomeka, kwa sababu saa inatembea. Madiwani wanajua kuna macho yanayosoma. Vijana wa kamisheni hiyo walikuwa miongoni mwa waliolisukuma suala la usafiri wa bure kwa wanafunzi. Mwaka 2013 jiji likaanza kwa majaribio kuwapakia bure vijana wa familia za kipato cha chini na cha kati, na mwaka 2021 mpango ukafunguliwa kwa wote wenye umri wa miaka 18 kushuka chini. Wamewahi pia kushindwa. Pendekezo la kuruhusu vijana wa miaka 16 kupiga kura za jiji, ambalo kamisheni ililipigania, liliangushwa na wapiga kura mwaka 2016, likarudishwa mwaka 2020, likaangushwa tena kwa tofauti ndogo zaidi. Wajumbe wa 2020 hawakuwa wale wa 2016. Umri unawatoa kila mwaka. Kilichobaki ni ofisi, kumbukumbu, na desturi ya kuanza pale walipoishia wenzao.

Hilo la umri ni tatizo ambalo mabaraza yetu hayajalipa uzito. Baraza la watoto kwa asili yake linawapoteza watu wake bora kila mwaka. Mwenyekiti mzuri wa miaka 16 anabakiza miaka miwili, na mmoja kati ya hiyo ni wa mtihani wa kidato cha nne. Bila daftari la mihtasari linalotunzwa ofisini, kila kundi jipya linaanza upya na mtendaji mchoyo wa majibu anachohitaji ni kusubiri tu. Daftari la shilingi elfu chache lenye kurasa zilizopewa namba lina kazi kubwa kuliko semina ya siku tatu hotelini. Nalisema hili kwa uzito wote, nikijua ni semina ngapi zinafanyika.

Tusiende mbali, jirani zetu Kenya wana fundisho chungu. Mei 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, wanafunzi waliwachoma moto viranja wanne wakiwa wamelala kwenye chumba chao, na wote wanne walikufa. Hakuna kinachohalalisha unyama ule. Lakini kiranja wa mfumo ule alikuwa mtu wa kuteuliwa na walimu, kazi yake kupeleka amri chini na kupeleka majina juu. Alibeba chuki ya wenzake bila kuwa na uwezo wa kuwasemea. Baada ya migomo ya mwaka 2008 iliyokumba mamia ya shule, Kenya ikaanza kuhama kutoka viranja wa kuteuliwa kwenda mabaraza ya wanafunzi ya kuchaguliwa, likaundwa la kitaifa mwaka 2009. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikaenda mbele zaidi: mwakilishi wa baraza la wanafunzi akawekwa kwenye bodi ya usimamizi wa shule, kwa wadhifa wake. Mgomo haukwisha Kenya, na si kila mkuu wa shule amelipenda jambo hilo. Hata hivyo sheria imeshasema mtoto ana kiti kwenye chumba kinachojadili pesa na nidhamu ya shule yake.

Kwetu bado tuna mazoea ya kuchanganya kazi hizi mbili, ya kiranja na ya mwakilishi. Ukitazama namna wajumbe wa mabaraza ya watoto wanavyopatikana katika maeneo mengi, barua inafika shuleni, mwalimu mlezi anaombwa alete watoto wawili, msichana na mvulana, na yeye kwa uungwana kabisa anachagua dada mkuu na kaka mkuu. Wanajua kuzungumza, wana sare kamili, hawatamwaibisha mtu. Nimependa sana kuwasikiliza watoto hao na sina neno baya juu yao. Swali langu ni kwa wale wasiokuwepo. Msichana wa kazi za ndani wa miaka 15 aliyetoka Singida hana mwalimu mlezi wa kumpendekeza. Kijana anayebeba mizigo sokoni au kuvua dagaa usiku hayumo kwenye daftari la mahudhurio la shule yoyote. Mtoto kiziwi atapelekwa kwenye baraza ambalo halina mkalimani wa lugha ya alama? Kama wajumbe wote wanatoka darasani, baraza litajadili mambo ya darasani, na watoto walio kwenye hatari kubwa zaidi watabaki kuwa mada ya mazungumzo ya wenzao. Ngazi ya kitongoji na mtaa ndiyo yenye tiba, kwa sababu balozi wa nyumba kumi na mwenyekiti wa mtaa wanajua ni nyumba gani ina mtoto asiyesoma. Uchaguzi uanzie pale, mbele ya watoto wenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa mabaraza haya, nami nikiwemo, tunalipita haraka mno, nalo ni usalama wa mtoto anayesema. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Karibu robo tatu walikuwa wamepigwa, ngumi, mateke au viboko, na waliowafanyia hivyo walikuwa zaidi ndugu na walimu. Sasa fikiria mjumbe wa baraza amesimama Jumamosi kwenye kikao cha kata akisema shuleni kwao wanachapwa ovyo. Jumatatu asubuhi anaingia geti lile lile. Mtu mzima aliyemwita kuzungumza ameshalipwa posho na kuondoka. Kumfundisha mtoto ujasiri bila kumjengea kinga ni kumtanguliza mbele ya hatari ambayo sisi wenyewe tumeikwepa.

Kinga ya kwanza ni kumfundisha kudai kwa kanuni badala ya kutaja majina. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kwenye daftari maalumu. Binafsi ningependa viboko viondoke kabisa shuleni, na nitaendelea kulisema hilo. Lakini hata chini ya kanuni zilizopo, baraza linaweza kuandika barua moja kwa wakuu wote wa shule za kata, likiomba kujua kama daftari hilo lipo na limekaguliwa lini. Hakuna mtoto aliyemshtaki mwalimu. Hakuna jina. Na bado swali hilo litatikisa shule nyingi kuliko risala kumi. Malalamiko ya mtoto mmoja mmoja yana njia yake, kupitia afisa ustawi na dawati la jinsia la polisi, na hayapaswi kusomwa kwenye kikao hata kidogo.

Kwa namna hiyo hiyo watoto wanaweza kuuliza fedha. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji ilitajwa kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka. Kwa sekondari ya wanafunzi 400 hiyo ni shilingi milioni 10. Ni hesabu ya darasa la nne. Mjumbe anayejua kuizidisha, akajua sehemu gani inabaki juu kwa ajili ya vitabu na sehemu gani inafika shuleni, anaweza kusimama mbele ya ubao wa matangazo wa shule yake na kusoma kilichobandikwa kwa ufahamu. Kama hakuna kilichobandikwa, ana swali la kupeleka kikaoni.

Najua pingamizi litakalokuja, maana nimelisikia mara nyingi kwa watu ninaowaheshimu: watoto watakosa adabu, watakuwa wanasiasa kabla ya wakati, waache wasome kwanza. Wazee wetu waliogopa mtoto anayejibu wakubwa, na wana sababu zao. Ila utovu wa adabu mara nyingi huzaliwa pale mtu anaposema kwa ustaarabu mara tatu na asijibiwe. Juni 2024 vijana wa Kenya walisoma Muswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakapeleka maoni, wakawapigia simu wabunge wao. Tarehe 25 Juni wabunge waliupitisha, na umati ukaingia bungeni. Siku iliyofuata Rais alitangaza hatausaini. Makumi ya vijana walikufa katika maandamano ya wiki zile. Jibu lilipatikana, kwa gharama ambayo hakuna mzazi anayeweza kuilipa. Sitaki nchi yoyote ya ukanda huu iwafundishe vijana wake kwamba barua haijibiwi mpaka barabara ifungwe.

Kuna pia pengo la umri linalowameza hawa wa miaka 15, 16 na 17. Sera ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inamwita kijana mtu wa miaka 15 hadi 35. Sheria ya Mtoto inamwita mtoto aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo hawa wapo kote kuwili, na kwa sababu wapo kote, hakuna anayejiona anawajibika kwao. Asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vijana haiwahusu, kwa kuwa hawajafikisha umri. Mkutano Mkuu wa Kijiji hauwahusu, kwa kuwa wajumbe wake ni wakazi wa miaka 18 na zaidi. Tukijumlisha na wadogo zao, walio chini ya miaka 18 ni karibu nusu ya Watanzania wote. Baraza la watoto ndilo mlango wa umma uliobaki wazi kwao.

Kwa hiyo ninachopendekeza ni kidogo na kinaweza kuanza kwenye halmashauri moja bila kusubiri sheria mpya. Madiwani wapitishe azimio kwamba barua yoyote ya baraza la watoto la kata au la wilaya ijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30, na orodha ya barua zilizojibiwa na zisizojibiwa iwekwe kwenye makabrasha ya kila baraza la madiwani, ambalo hukutana kila robo mwaka. Kikao kikubwa cha watoto cha kujadili mahitaji kihamishwe kutoka Juni kije Septemba au Oktoba, kabla mipango ya vijiji na kata haijafungwa. Siku ya Mtoto wa Afrika ibaki na sherehe zake, lakini risala ibadilike. Mtoto asome tuliomba nini, tulijibiwa nini, nini kimetekelezwa na nini bado, na mgeni rasmi aje akiwa ameshasoma majibu ya ofisi yake mwenyewe. Na baraza lipewe fungu dogo la nauli na vifaa vya kuandikia kutoka mapato ya ndani, likiwa na mstari wake kwenye bajeti. Fedha yake ni ndogo kuliko mafuta ya msafara mmoja, lakini ikiwa yao watajifunza kuitolea hesabu, risiti kwa risiti, mbele ya wenzao.

Mjumbe aliyepita kwenye baraza la namna hii, siku anapotimiza miaka 18 anaingia kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji akiwa si mgeni. Anajua taarifa ya mapato na matumizi inapaswa kusomwa kila miezi mitatu. Mwenyekiti akiiruka ajenda hiyo kwa sababu muda umekwenda na jua ni kali, atanyoosha mkono na kuomba, kwa heshima, turudi kwenye yatokanayo.